Na Asiye na Kipaji, Je? Neno Langu Juu ya Nairobi Half Life

Leo nitaudhi kambi mbili kwa mpigo mmoja, kwa hivyo kama una presha pita tu, tutaonana siku nyingine.

Kambi ya kwanza ni ya wazee wetu. Hawa wanaiita "ile picha ya wezi". Wanasema Nairobi Half Life iliharibu vijana, ikawafunza kung'oa taa za magari na kumwona polisi kama adui, na tangu itoke watoto hawasikii. Kambi ya pili ni yetu sisi watu wa muvi. Sisi tunasema ndiyo muvi bora kuwahi kutoka Kenya, kwisha maneno, na ukiigusa tunakurukia kama siafu. Mimi sijajiunga na kambi yoyote. Nasema ni muvi nzuri kwelikweli, ina ukweli ambao wazee hawataki kuutazama, halafu ina uongo mmoja mtamu ambao sisi mashabiki tumeumeza mzima mzima bila kutafuna. Na huo uongo unawaumiza vijana wa hapa Malindi na Kilifi mpaka leo. Nitaufikia, tulia.

Kwanza niwahurumie wale ambao 2012 walikuwa bado wanabebwa mgongoni. Hadithi iko hivi. Mwas, aliyeigizwa na Joseph Wairimu, ni kijana wa kijijini huko bara anayeuza muvi. Hauzi tu, anaziigiza mbele ya wateja, anakuwa jeshi zima peke yake. Anataka kuwa mwigizaji. Anaenda Nairobi, na siku ya kwanza tu anaibiwa kila kitu, anashikwa, anatupwa seli. Huko ndani anakutana na Oti, aliyeigizwa na Olwenya Maina, Mungu amrehemu, na kupitia Oti anaingia genge la kuiba vipuri vya magari. Wakati huohuo anafanya majaribio ya uigizaji na kupata nafasi kwenye mchezo wa jukwaani. Basi anaishi maisha mawili, huku jukwaa, huku genge, na hakuna hata moja lililokamilika. Ndipo jina linapotoka: nusu ya maisha.

Mwongozaji ni David "Tosh" Gitonga, Mkenya. Walioandika ni Wakenya. Wanaongea Kiswahili, Kikuyu, Sheng na Kiingereza, vile watu wanaongea kweli. Lakini pesa na mafunzo mengi yalitoka Ujerumani, kupitia One Fine Day Films ya Tom Tykwer, yule wa Run Lola Run ya 1998, na mkewe Marie Steinmann, wakishirikiana na Ginger Ink ya Nairobi na DW Akademie. Wairimu alishinda tuzo ya mwigizaji bora kule Durban mwaka huo huo wa 2012, na muvi ikawa ya kwanza kabisa ya Kenya kupelekwa kushindania Oscar, upande wa filamu za lugha za kigeni. Haikuteuliwa, lakini mlango ulibishwa. Kwa hivyo ukiuliza ni mtoto wa nani, ni mtoto wa Kenya na Ujerumani, na mimi sina shida na hilo. Mtoto ni mtoto.

Sasa wazee wangu, shikamoo, naanza na nyinyi.

Mnasema picha ilifunza wizi. Haya. Hebu niambieni, ile taa ya gari ikishang'olewa inaenda wapi? Oti na wenzake hawaitundiki nyumbani kama pambo. Kuna mtu anainunua, kuna duka, kuna mwenye gari anayeenda kununua taa ya bei rahisi bila kuuliza maswali. Muvi inaonyesha mnyororo wote, mwizi ni pete moja tu. Na hapa kwetu ni vivyo hivyo. Simu ikinyakuliwa pale stendi ya Malindi, jioni inauzwa, na anayeinunua si kijana wa maskani, ni mtu mzima mwenye kazi yake, pengine mwenye kanzu nzuri ya Ijumaa au suti ya Jumapili. Anajua kabisa bei ile si ya simu halali. Kijana akishikwa, huyo mnunuzi atakuwa wa kwanza kupiga kelele "mwizi!" na kutafuta jiwe. Wizi hauanzii kwenye skrini, unaanzia kwa mnunuzi. Picha imewaonyesha mnunuzi, na nadhani hapo ndipo inapowachoma.

Halafu polisi. Mnasema inawachafua. Ndani ya muvi polisi wanakula na genge mpaka ulaji unapoharibika, kisha wanalipeleka genge kwenye jumba bovu ili wakalimalize huko, bila hakimu, bila wakili. Hiyo imetungwa? Sheria ya kuunda IPOA, ile mamlaka ya kuchunguza makosa ya polisi, ilipitishwa 2011, mwaka mmoja kabla ya muvi kutoka. Serikali yenyewe ilikuwa imekubali kwamba kuna kitu cha kuchunguzwa. Na hapa Pwani hakuna anayehitaji kufunzwa na Nairobi habari ya kijana aliyechukuliwa usiku na gari lisilojulikana. Mashirika ya haki pale Mombasa yamepiga kelele miaka na miaka. Kwa hivyo tusiilaumu picha kwa kuonyesha kile ambacho mama za watu wanakijua kwa machozi.

Nimemaliza na wazee. Sasa twende kwa ile sehemu ambayo hata nyinyi mashabiki hamuizungumzii, mko tu na kile kisa cha choo.

Ukiiangalia hii muvi tena, sahau bunduki. Hesabu shilingi. Mwas anataka kuigiza, anakutana na waigizaji waliotoka Nairobi, anaambiwa atoe shilingi 1,000 ili apate nafasi ya kujaribiwa. Ana 500. Anaitoa, anaambiwa nyingine 500 aje nayo mjini. Yaani kabla hajafungua mdomo kuonyesha anachojua, ameshalipa nusu. Mama yake anampa pesa za safari. Mjini anaporwa. Anashikwa, yeye aliyeibiwa ndiye anayelala seli. Akiingia kazini kwenye genge, polisi wanataka chao. Kila mlango una mtu ameketi, mkono umenyooshwa. Huo ndio ukweli mkubwa wa Nairobi Half Life. Ni muvi ya kiingilio. Uhalifu unakuja pale ambapo kijana ameshalipa kila mahali na bado yuko nje.

Na kama unadhani hiyo ni shida ya Nairobi peke yake, kaa nikuambie. Miaka michache nyuma walikuja watu hapa mjini na kamera moja na fulana za kufanana, wakasema wanatafuta sura mpya za tamthilia. Fomu shilingi 500. Tulipanga foleni tangu saa mbili asubuhi, watoto wa Maweni, wa Kisumu Ndogo, wa Muyeye, wengine walitoka Marafa kwa bodaboda. Dada mmoja mbele yangu alikuwa amekopa hiyo 500 kwa chama cha mama yake. Tuliigiza, tukalia machozi ya kweli, tukapigwa picha mbele na ubavuni. Hakuna aliyepigiwa simu. Hata mmoja. Ile namba ya simu iliyoandikwa kwenye fomu ilikuwa imezimwa kufikia wiki iliyofuata. Kwa hivyo Mwas akitoa ile 500 yake kwenye muvi, watu wa Malindi hawacheki. Tunaijua ladha yake.

Hapo nawapa Gitonga na wenzake maksi zao zote. Na kile kisa cha choo pia, sikatai. Mwas anaamrishwa asafishe choo cha seli ambacho hata nzi wanakiheshimu, na anakigeuza kuwa jukwaa. Anaigiza mpaka mahabusu wanamtazama. Ni dakika chache zinazokuonyesha kijana mwenye kitu ndani yake ambacho hata uchafu ule haukukizima. Kisa hicho kinastahili sifa zote mnazokipa.

Lakini hapo hapo ndipo uongo mtamu unapoanza.

Tazama nani anatoka mzima. Genge linaishia kwa risasi. Mwas anaishia jukwaani, chini ya taa, hadhira imemkazia macho. Kwa nini yeye? Je, kwa sababu aliiba kidogo kuliko wenzake? Hapana, yeye ndiye aliyewaletea wazo la kuanza kuiba magari mazima. Je, kwa sababu ni mwema zaidi? Anamtamani Amina, mwanamke wa rafiki yake aliyemwokoa. Anatoka kwa sababu ana kipaji. Muvi imempenda kwa sababu anaweza kuigiza, na sisi tunampenda kwa sababu hiyo hiyo. Wenzake hawana cha kuonyesha jukwaani, basi risasi zao tunazimeza bila maji. Tunasikitika kidogo, halafu tunashangilia Mwas akifika kwenye mchezo kwa wakati.

Hebu lisikie somo hilo linavyosikika likisemwa wazi: kijana aliyepotea anastahili kuishi ikiwa ana kipaji.

Mnacheka? Ndiyo lugha tunayolishwa hapa Pwani kila wiki. Kila mradi unaokuja Kilifi unatafuta "vijana wenye vipaji". Kila mwanasiasa akipanda jukwaani anasema vijana wana vipaji vikuzwe. Mashindano ya kuimba, mashindano ya kucheza, kombe la mpira, siku ya vipaji. Mimi mwenyewe nakula kwa mlango huo, naongea mbele ya simu, siukani. Lakini hesabu ni hesabu. Kwenye maskani ya watu ishirini, wawili wataimba vizuri, mmoja atacheza mpira. Wale kumi na saba waliobaki? Hawaimbi, hawachekeshi, hawana sauti wala mguu. Wana njaa tu, na mikono miwili kama ya mtu yeyote. Wao wamepangiwa nini?

Nitakuambia waliyopangiwa. Wengine wanakata chumvi kule Gongoni jua likiwachoma mpaka macho yanakuwa mekundu. Wengine wanasukuma mkokoteni wa maji. Wengine wanashinda ufuoni wakisema "ciao" kwa kila mzungu anayepita, hata kama ni Mpolandi. Na wengine, wadau, wameingia kwenye unga.

Huyu ndiye kijana wetu wa Pwani aliyepotea, teja. Sisi tulimwona kabla ya watu wa bara kulijua hata neno arosto. Omari Project imekuwa hapa Malindi tangu miaka ya 1990, kwa sababu shida ilikuwa imeshafika wakati huo. Mwaka wa 2015 hospitali ya Malindi ikafungua kliniki ya methadoni, muda mfupi baada ya ile ya kwanza nchini kufunguliwa Mathari. Yaani Malindi, mji mdogo wa bahari, ulikuwa wa mwanzo mwanzo Kenya kupata dawa hiyo. Hiyo si sifa ya kujivunia, inakuonyesha kidonda kilikuwa kimefika mfupa.

Sasa fikiria maisha ya mtu wa methadoni. Anaamka, anaenda kliniki, anakunywa dozi yake mbele ya muuguzi, anarudi. Kesho tena. Keshokutwa tena. Jumapili, Idi, Krismasi. Mvua ikinyesha anaenda. Akikosa nauli anatembea. Hakuna makofi hapo. Hakuna majaribio, hakuna hadhira, hakuna taa. Mtu anashinda arosto leo, na zawadi yake ni kwamba kesho ataamka aende tena. Namjua jamaa aliyefanya hivyo miaka, sasa anaendesha tuktuk, na ukimuuliza kipaji chake atakuangalia kama mwendawazimu. Hana kipaji. Ana watoto wawili na anafika kliniki kila asubuhi. Kwangu mimi huyo ni shujaa kuliko Mwas mara tatu, na hakuna muvi inayoweza kumwona, kwa sababu muvi zetu zimefunzwa kumtafuta kijana anayeng'ara.

Najua mtaniambia: "Bro, hadithi lazima iwe na mhusika mkuu wa kuvutia, vinginevyo nani atakaa saa moja na nusu?" Sawa, nimekubali. Lakini twende Ujerumani kwenyewe tuone.

Mwaka wa 1956 Wajerumani walitoa picha yao ya kijana aliyepotea. Inaitwa Die Halbstarken, mwongozaji Georg Tressler, nyota wake Horst Buchholz akiigiza kijana anayeitwa Freddy. Berlin Magharibi, miaka kumi na moja tu baada ya vita. Freddy ana genge la vijana wenzake, wana koti nzuri na midomo mirefu, wanapanga kuvamia gari la posta. Lile jina lenyewe maana yake ni kama "wenye nguvu nusu", vijana ambao hawajaiva. Angalia hiyo: wao nusu ya nguvu, sisi nusu ya maisha. Miaka 56 katikati, na kijana bado anapimwa kwa nusu.

Lakini tofauti ni hii. Freddy haimbi. Haigizi. Hana kipaji chochote cha kumwokoa isipokuwa sura na kiburi. Na picha inakaa naye hivyo hivyo. Inamuonyesha ana baba mkali, ana mama, ana mdogo wake anayemfuata kwa macho. Inaiuliza ile nyumba: huyu mtoto alitokaje mikononi mwenu? Haiwi picha nyepesi, na haina huruma na makosa yake, lakini inakubali kwamba kijana wa kawaida kabisa, mjinga wa kawaida, anatosha kuwa hadithi. Na jambo la pili: hakuna aliyeitazama akasema huo ndio Ujerumani wote. Freddy alikuwa Freddy. Mwas wetu alipotoka kwenda Durban, Los Angeles na kwingineko, akageuka kuwa "kijana wa Kenya". Wote sisi tukawa Mwas.

Mimi sitaki kumlaumu Tykwer kwa hilo. Tuwe waungwana: bila ile programu yake, Soul Boy ya Hawa Essuman ya 2010 isingekuwepo vile ilivyo, wala Something Necessary ya Judy Kibinge, wala Kati Kati ya Mbithi Masya, wala Supa Modo ya Likarion Wainaina. Wakenya wengi walijifunza kazi kwenye seti zile na leo wanafundisha wengine. Anayekufunza kuvua samaki huwezi kumtukana kwa sababu ndoano ina jina lake. Tatizo langu ni jingine. Pesa ikitoka mbali, inakuja na miwani. Haisemi wazi "tuletee mwizi", lakini inajua ni kijana gani atakayeeleweka kwa mtu aliyeketi kwenye ukumbi wa sinema ng'ambo. Mwizi anaeleweka. Mtoto wa mtaa wa mabanda anaeleweka. Na sisi wa Pwani tunaeleweka kwa sura moja tu.

Mwaka ule ule wa 2012, wakati Mwas anatoka Nairobi, picha nyingine ilitoka kwenye fukwe zetu. Paradies: Liebe, ya Ulrich Seidl wa Austria, nayo ikiwa na pesa za Ujerumani na Ufaransa ndani. Ilishindanishwa Cannes. Inamhusu mama wa Vienna aliyekuja likizo kwenye pwani ya Kenya, na vijana wa ufuoni wanaomzunguka. Mmoja wao ni Munga, aliyeigizwa na Peter Kazungu. Kazungu, jina la kwetu kabisa. Sasa picha ile haidanganyi kuhusu yule mama, inamvua nguo zote za heshima, na wako wanaosema ni kazi ya maana. Lakini Munga ana nini? Ana uongo na mkono wa kuomba. Anaonekana kupitia macho ya mteja wake mwanzo mpaka mwisho. Hatujui analala akiwaza nini.

Weka hizo mbili pamoja. Mwaka mmoja, pesa za upande mmoja wa dunia, vijana wawili wa Kenya. Wa bara amepewa kipaji akaokoka. Wa Pwani hakupewa hata hicho, amepewa mwili. Na kumbuka kabla yao ilikuwepo Die weiße Massai ya 2005, ambapo mzungu anashuka Mombasa na kumpenda Msamburu, na hapo Pwani ni kituo cha kupita tu, mahali pa kukutania kabla hadithi haijaenda kwingine. Ndiyo nafasi yetu hiyo, mandhari. Minazi, feri, mawimbi, halafu kata.

Tamthilia za nyumbani je? Zimejaribu. Sultana ya Citizen imetuletea lafudhi yetu sebuleni mpaka bibi yangu akawa hataki kusumbuliwa jioni. Lakini hizo ni hadithi za mapenzi na koo na mali na visasi. Teja akipita humo anapita kama kichekesho au kama onyo. Hapewi jina la pili.

Sasa kuna mtu ataniuliza, kwani muvi ni kitu gani? Watu wana njaa, wewe unaongea picha. Nitamjibu kwa mfano wa karibu. Mei 2024 gavana wa Mombasa alipiga marufuku muguka, na Kilifi wakafuata. Mahakama ikasimamisha. Bara wakakasirika kwa sababu ni mmea wao wa biashara, Pwani tukapiga kelele kwa sababu ni watoto wetu. Wiki nzima watu walibishana juu ya jani, kodi, magari ya kusafirisha. Hebu taja kijana mmoja aliyetafuna, ambaye tulimsikia akieleza kwa nini anatafuna saa tano za usiku hana pa kwenda kesho. Hakuna. Tulijadili mzigo, hatukumjadili aliyeubeba. Na hivyo ndivyo inavyokuwa mahali ambapo kijana wa kawaida hajawahi kuwa hadithi ya mtu. Ukija wakati wa kuamua juu yake, hakuna anayeweza kumpiga picha kichwani isipokuwa kama tishio.

Na tishio halina mama. Ndiyo maana "mwizi!" ikipigwa sokoni, mawe yanatoka haraka. Yule anayekimbia hana jina, hana kipaji, hatukumwona popote akiwa mtu. Tungemjua hata nusu, mkono ungesita. Sisemi picha moja itazuia tairi. Nasema mkono unaorusha jiwe umefunzwa na macho, na macho yamefunzwa na hadithi.

Kasoro nyingine nitaitaja upesi, manake nisipoitaja madada watanishukia na watakuwa na haki. Amina. Mwanamke pekee mwenye nafasi kubwa kwenye Nairobi Half Life, na kazi yake ni kuuza mwili na kugombaniwa na marafiki wawili. Nancy Wanjiku Karanja ameigiza vizuri kuliko alivyoandikiwa. Mwas anampeleka sinema, anacheka, tunafurahi, halafu? Ndoto ya Amina ni nini? Mwas tunajua anataka jukwaa. Amina hatujaulizwa tumuulize. Kama Mwas anaishi nusu ya maisha, huyu dada amepewa robo.

Basi hukumu yangu ni gani? Itazameni. Sisemi msitazame. Kama hujaiona, itafute kwa njia halali ukiweza, usiishie kuwekewa kwenye flashi pale kwa banda la muvi, ingawa najua Mwas mwenyewe alikuwa anauza hivyo hivyo na kichekesho hicho hakijanipita. Uigizaji wa Wairimu bado uko juu. Maina bado anakutisha na kukuhurumisha kwa uso ule ule. Zile shilingi 500 bado zinauma. Ni muvi ninayoiheshimu, na ninayoiheshimu ndiyo ninayoidai.

Ninachokidai ni hiki. Sisi tunaoshika kamera hapa Malindi, Watamu, Kilifi mpaka Mtwapa, tuache kumtafuta Mwas wetu. Mtu akikujia na mradi wa "vijana wenye vipaji", mwulize kwa heshima: na asiye na kipaji, umemwandalia nini? Ukitengeneza filamu fupi ya teja, usimfanye ageuke mwanamuziki dakika ya nane. Mwache awe fundi wa baiskeli mbaya. Mwache aende kliniki, arudi, agombane na dada yake juu ya sahani, alale. Kama hujui kuifanya hiyo ivutie, basi kaa chini ujifunze, hiyo ndiyo kazi uliyochagua. Na ukiita watu kwa majaribio, usiwatoze hata shilingi.

Na wewe mzazi unayeogopa mwanao ataharibiwa na picha, keti naye muitazame pamoja. Ikifika mahali Mwas anatoa ile 500, simamisha. Mwulize mwanao ameshalipa mlango gani na hakukuambia. Utashangaa.

Mtoto hahitaji kujua kuimba ndipo aachwe aishi. Nimemaliza. Kambi zote mbili, karibuni mnitukane.